Mringaringa Uliokatwa na Kaka Yake

Nilikuwa bado mtoto wa kutumwa chumvi, tunaishi Kirua Vunjo, Baba alipoangusha mti wa mringaringa kihambani, shambani kwetu pale nyumbani, ili atengeneze boti. Chekeni tu. Mchaga na boti wapi na wapi? Majirani nao waliuliza kama anataka kupanda nalo mlimani. Lakini ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa, bei ya kahawa imelala, na kila mwanamume anatafuta biashara ambayo jirani hajaiota. Ya Baba ilikuwa bwawani, Nyumba ya Mungu: boti la mbao lenye injini, la kuvuta mitumbwi ya wavuvi pale upepo wa mchana unapowashinda. Siku hizi kiangazi kikikaza na maji yakishuka, mbavu zake nyeusi hutokeza kwenye tope, na vijana wa huko humwambia mgeni kwamba lilipigwa na radi. Radi gani? Mimi nilikuwepo.

Kwa wazee wetu mringaringa haukatwi kama mgomba. Mti ule ni dada wa mwenye kihamba. Ukitaka kuuangusha, unauoza kwanza: unaumwagia shinani maziwa na mbege, pombe yetu ya ndizi, unauambia kwa upole kwamba umepata mume. Siku ya shoka mwenyewe anaondoka nyumbani, wanakata wengine. Jioni anarudi, anajifanya kushtuka, analia kwamba wamemwibia dada yake, nao wanambembeleza kwa pombe. Ni mchezo, najua. Lakini niambieni harusi isiyo na mchezo ndani yake.

Baba alikuwa mzee wa kanisa, Mlutheri asiye na utani. Aliukata mwenyewe, kwa shoka lake, bila hata kuuaga.

"Umemchinja dada yako," Bibi alimwambia. Huyu Bibi ndiye aliyemzaa Baba.

"Mama, ule ni ubao."

"Na wewe ni nyama. Mbona hatujakukata?"

Baba alicheka. Bibi hakucheka. Alisema bibi arusi aliyetolewa kwao kwa nguvu hakai kwa mume; atarudi, na atarudi na moto. Mti ule ukawa mkuku wa boti, yaani lile gogo la chini linalobeba mbao nyingine zote.

Msimu mzima boti lilivuta mitumbwi, nasi tukala perege mpaka paka akaanza kuchagua. Kisha asubuhi moja kundi la nyuki likatua juu ya kisiki cha mringaringa, likavuma, likaondoka kabla chai haijachemka. Bibi aliweka chini kisu alichokuwa akimenyea ndizi.

"Wamekuja kuhani," alisema.

Miguu yake haikuwa tena ya safari. Alichuma jani la isale, lile la kuombea, akalipiga fundo, akanifunga nalo kiunoni chini ya gauni. "Mpe baba yako mkononi. Mwambie, mama yako anakuomba usipande boti leo. Usiongeze lako, una mdomo mrefu."

Nilishuka na akina mama wachuuzi wa samaki, nyuma ya pikapu yao, nimejishika kiuno kama mgonjwa. Njia nzima niliwaza jambo moja: nikimkuta ameshaondoka, je?

Nilimkuta mguu mmoja majini, mwingine botini. Injini ilikuwa inanguruma. Nyuma kulifungwa mitumbwi kwa kamba moja, imejaa wavuvi na magunia yao ya unga, wanavushwa ng'ambo. Mrisho, kijana wa Tanga aliyeendesha injini, ndiye aliyeniona; yeye kila mwanamume wa Kichaga alimwita Mangi, yaani chifu.

"Mangi, mwanao huyo!"

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Nani amekufa?"

Nilitoa jani, nikasema maneno ya Bibi, sikuongeza langu. Mtu aliyeletewa isale hakatai, hata kama aliyelileta ni adui aliyemwua ng'ombe wake. Katika habari ya mti Baba alikuwa Mlutheri. Katika habari ya isale alikuwa Mchaga kama sisi.

"Mama huyu atanimaliza," alisema, akautoa mguu botini. "Mrisho, nenda peke yako. Polepole."

"Kwani Mangi hujaachishwa ziwa?" Mrisho akamtania.

Wavuvi wakaangua kicheko, kamba ikakaza, wakaenda. Baba alisimama amenuna. Akaingiza mkono mfukoni ili alihifadhi jani, na mkono ukatoka na kipande cha sabuni. Sijawahi tena kuona uso wa mtu ukibadilika namna ile.

Bomba la petroli lilikuwa na ufa. Baba aliuziba kwa sabuni ya mche, na kila ikilainika aliikandamiza upya. Kazi hiyo hakumwachia mtu.

"Mrisho! Zima! Zima injini!"

Aliingia majini mpaka kifuani, naye ni mtu wa mlimani, kuogelea hajui. Nilimfuata nikaning'inia kwenye shati lake, nikipiga kelele nisijue napiga za nini. Upepo ulituzomea usoni. Mrisho aliona mkono wa Baba ukipunga, naye akapunga. Kisha ukatoka moshi mwembamba, na mara moto ukasimama pale alipokuwa amekaa mtu.

Wavuvi walikata kamba kwa visu vya samaki. Mrisho alijitupa majini, wakamwopoa, mikono imebabuka. Wote walifika ufukweni wazima. Boti liliungua mpaka maji yakalifunika.

Bibi hakusema "nilikwambia" siku ile. Alianza kesho yake, akasema mpaka alipokufa.

Mikono yake ilipoanza kupona, Mrisho alipanda Kirua kutuaga. Alipewa maziwa, akakaa na kikombe katikati ya bandeji.

"Mangi," alisema, "ile sabuni ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo."

"Sabuni ya nini?" Bibi akadakia.

Mrisho alimtazama Baba. Baba, aliyekuwa akinichapa kwa uongo wa kitoto, alijibu bila kupepesa: "Ya kunawia mikono, mama."

Mrisho aliitazama mikono yake yenye bandeji. "Bwawani kuna shombo sana, Bibi," alisema.

Nimeligeuza jambo hili mpaka nimeota mvi. Baba angepanda, labda sabuni ingekaa mahali pake na boti lingekuwepo. Labda ingeyeyuka tu, na yeye hajui kuogelea. Jani lile lilimwokoa, au lilichoma boti, au yote mawili. Atakayenambia anajua, ni mwongo. Baba angeweza kumtupia mama yake lawama ile mezani, na ingekuwa haki yake. Aliimeza. Kila sherehe Bibi alipojigamba jinsi alivyomnyakua mwanawe motoni, Baba alimjazia kibuyu.

Zamani nilidhani alimdanganya mama yake. Siku hizi sina hakika. Siku ile Bibi alimtazama Mrisho mikono, akamtazama mwanawe, na katika maisha yake yote, mwanamke yule aliyeuliza kila kitu mara tatu, habari ya sabuni hakuiuliza tena.