Tuliporushiana Chakula Matangani

Papai lililoiva mpaka likapasuka lina harufu ambayo siipendi wala siikimbii. Juzi, nikirudi sokoni hapa Kalemie na miguu iliyochoka, nilimkuta mwanamke mmoja kikapu chake kimemwagika njiani, jua limeyapiga mapapai, nzi wameshayaona. Nikasimama pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nilikuwa nimerudi utotoni, ng'ambo ya ziwa, nywele zimejaa unga na maharage yananitiririka shingoni.

Nchi yetu ilikuwa ingali inaitwa Zaire. Mama alikuwa na mdogo wake mmoja tu, Feza, aliyeolewa Ujiji, upande wa Tanzania. Msafiri mmoja alishuka bandarini akaja moja kwa moja kwetu na habari kwamba Feza anaumwa sana na anamwita dada yake. Mama akatafuta boti. Ya kwanza iliharibika injini, ya pili ikangoja mizigo, kisha ziwa lenyewe likachafuka. Papa, baba yangu, alikuwa mtu wa reli, na siku hizo yuko Nyunzu, kwa hiyo Mama akanichukua mimi. Tulipofika, udongo wa kaburi ulikuwa umeshaanza kukauka.

Mama hakulia. Alikaa kwenye mkeka na wafiwa wengine, akitazama ukuta. Walimletea uji, ukapoa. Walimletea ugali, ukaota ngozi. "Onja basi, Mama Sifa," shemeji yake alimwomba, mume wa marehemu, naye mwenyewe hana nguvu ya kuomba mara mbili. Mama alitikisa kichwa tu. Wanawake wa jirani wakaanza kunong'ona kwamba yule Mzaire ana moyo wa jiwe. Mimi niliyekaa ubavuni mwake niliona jinsi taya zake zilivyokuwa zinasagana mchana kutwa, na ule ukimya ulinichosha kuliko safari ya boti.

Ikafika siku ya kuanua matanga. Masufuria yalikuwa yamepakuliwa, masinia ya wali na maharage yamepangwa uani, ndipo tukasikia kelele mlangoni. Watani wa ukoo, wale ambao mila inawapa haki ya kutukana hata msibani, walikuwa wamefika. Wanawake wazima, nyungo za unga kichwani, wanaimba matusi! Mbele yao alikuwa Bi Tatu, mnene, amejifunga kanga ya Mama Mudogo Feza. Aliburuta mguu mmoja kama Feza alivyouburuta, akacheka kile kicheko chake cha kukwama puani, akamgeukia jirani: "Shoga, huna chumvi kidogo?" Ua mzima ukaangua kicheko.

Kisha akaokota papai bovu, akamkabili Mama.

"Na wewe Mzaire! Mwenzio amekungoja mpaka amechoka, akaona heri alale. Ulikuja na boti, au ulikuja unaogelea?"

Papai likampata Mama kifuani.

Nyumbani kwetu, msomaji wangu, hata tonge la bukari, ugali wetu, likianguka chini lilipewa pole. "Bukari haichezewe," Mama alizoea kusema, "ile njo uzima wa muntu." Siku ile nilisahau malezi yote. Nilichota maharage ya uvuguvugu kwa mikono miwili nikamrushia Bi Tatu usoni.

"Muache mama yangu!"

Bi Tatu akajifuta jicho, akapiga kigelegele. "Kumbe wamekuja na askari!" Na unga ukaniangukia kichwani kama dari.

Baada ya hapo hakuna aliyeuliza ruhusa. Wali uliruka, ndizi mbivu ziliruka, na mzee mmoja mwenye heshima zake alipata bamia katikati ya kofia. Nilirusha mpaka bega likaniuma, na sitakuficha, nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu tuondoke Kalemie. Halafu nikamwona Mama anasimama, nikajiandaa kwa kofi.

Hakunitazama. Alichukua ungo, akatembea polepole kama mtu anayevuka maji, akaumwaga unga wote juu ya kichwa cha Bi Tatu.

"Nilikuya," alisema. "Unasikia? Nilikuya! Boti njo zilinikatala!" Akajipiga kifua. "Feza, nilikuya!"

Sauti ikakatika, na kilio kikatoka, kilio ambacho sikujua kinaweza kukaa ndani ya mtu. Bi Tatu alimshika, wakashuka wote wawili chini kwenye tope la wali. "Sema, dada," alimwambia. "Sema yote."

Jioni hiyo Mama alikula. Alimega, akachovya, akamega tena, unga ungali kwenye nyusi zake. Mimi nilitumwa maji nyuma ya jiko, nikamkuta Bi Tatu peke yake, amechutama, anafua ile kanga ya marehemu, mabega yanatetemeka. Nikadhani maharage niliyomrushia yalikuwa na pilipili iliyomchoma macho.

"Pole, Mama," nikamwambia.

Alijifuta uso kwa kiwiko. "Ahsante, askari," akasema, na safari hii hakutania. Baadaye mume wa Feza alituambia kwamba Bi Tatu ndiye aliyemuuguza Feza mpaka mwisho. Hata hivyo, kwa miaka mingi nilimhesabu kuwa mwanamke mwenye ulimi mbaya.

Mama mwenyewe alipofariki, hapahapa Kalemie, watu walikuja vizuri sana. Walivaa nguo safi, wakasema pole, wakakaa kimya, wakaondoka. Nilizipokea pole zote mpaka zikanichosha, na macho yangu yalibaki makavu. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na haki ya kunitukana.

Hapo ndipo nilipoielewa kazi ya Bi Tatu. Neno ambalo kila mtu alilizunguka, kwamba Mama alichelewa, yeye alilitupa uani mbele ya watu ili mwenyewe apate kulijibu. Aliifanya kazi hiyo akiwa amefiwa na shoga yake, na kwa kuwa alikuwa mtani, hakuna aliyemtandikia mkeka. Ile pole niliyompa nyuma ya jiko, kwa ajili ya pilipili, nadhani ndiyo pekee aliyopewa.