Mahafali Kabla ya Mtihani

Mjomba wangu hakujua kwamba shule zetu hufanya mahafali kwanza, mtihani baadaye. Siku ya mahafali yangu alishuka mlimani hadi shuleni Matombo amevaa koti, akanivisha shada la maua na kucheza mbele ya mgeni rasmi mpaka soli ya kiatu ikabanduka. Nyumbani akachinja mbuzi. Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Alipowatangazia majirani kwamba nimefaulu kidato cha nne, hakuna aliyebisha. Mimi nilikuwa na mnofu mdomoni.

Jumatatu akanikuta nimevaa sare.

"Unakwenda wapi?"

"Shule, mjomba. Mtihani wa taifa bado."

Akaketi juu ya kinu. "Mbuzi ameshaliwa," alisema taratibu. "Wanataka nini tena?"

Akanifuata hadi kwa mkuu wa shule, mtu mpole, aliyemweleza kwamba mahafali ni ya kuagana tu.

"Na cheti mlichompa? Nimekitundika kando ya Bikira Maria."

"Kile ni cha usafi, mzee."

Mjomba akauliza kinachowaangusha watoto wa milimani ni nini. Mkuu hakuficha: ni Kiingereza. Karibu mitihani yote ni ya Kiingereza, na sisi tulikuwa tunakisikia darasani tu.

Basi mjomba akapiga marufuku lugha nyingine yoyote nyumbani. Kumbe mwenye Kiingereza pale ni mimi peke yangu, nacho cha kubabaisha. Nyumba ikawa kimya. Mama aliomba chumvi kwa kidole. Bibi alipokuja na kikapu cha magimbi, nikamwambia, "Gudi moning, bibi." Akasimama mlangoni akingoja shikamoo yake. Alipoikosa, akageuka na magimbi yake.

"Kaka," mama akasema, "mama yetu ameondoka na chakula. Mwache mtoto asome, sisi tuongee."

Mjomba akalegeza. Ila kila jioni aliketi mbele yangu nimweleze kwa Kiswahili yale niliyosoma kwa Kiingereza, naye alikuwa mbishi. Nilipofika kwenye mmomonyoko wa udongo, akasema mwandishi hajawahi kulima kwenye mteremko. Ili nimjibu ilinibidi kwanza nielewe mwenyewe, na hapo ndipo nilipoanza kuelewa.

Matokeo yalipotoka nilikuwa na mama tunachuma maharage. Mjomba alipanda kilimani kutafuta mtandao, akasoma kwa sauti, bonde zima likasikia.

"Hisabati, F!"

Mama akainama zaidi juu ya maharage.

"Kiswahili, B. Historia, C. Jiografia, C." Kisha akaniuliza kutoka kule juu, "Hiyo F ni ya nini?"

"Ya kushindwa, mjomba. Lakini hizo nyingine zinatosha kwenda kidato cha tano."

Akajibu kwa sauti ileile: "Basi mama yako tusimwambie ile ya kwanza."

Mama alikuwa kando yangu, akicheka huku akijifuta macho kwa ncha ya khanga. Nikapangiwa shule ya Morogoro mjini, na mjomba mwenyewe akanibebea godoro kichwani hadi kituoni.