Kikombe cha Mama Atu

Heri niwasimulie mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu wa Mwanjelwa, maana huko nasikia wameshaongeza chumvi mpaka naonekana mtu aliyefufua maiti. Ukweli ni mdogo kuliko hapo, ila aibu yake ni kubwa, na mpaka leo nikiona gari jeupe la hospitali nageuza uso.

Nilikuwa na kikohozi kisichoisha (vumbi la mbao la kule nilikofanya kazi, Mgololo, nilijidanganya), nikaenda hospitali, na daktari akanielekeza jengo la nyuma wanakofanyia utafiti. Kule kila mlango una ugonjwa wake, huku macho, huku moyo, huku sukari ya wajawazito, na mlango wangu ulikuwa wa kifua. Walikuwa wanachunguza jinsi kifua kikuu kinavyoambukizana kati ya watu wanaolala nyumba moja. Nesi wa pale, binti mmoja mpole anaitwa Sista Rehema, akaniamkia, akanikalisha, akaniuliza nalala vipi, chakula kinapita, usiku natoka jasho au sitoki. Tangu tuanue matanga hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza nimelala vipi.

"Na mama yupo nyumbani?" akauliza.

"Yupo," nikasema.

Sikupanga. Neno lilitoka lenyewe, kama linavyotoka kwa mtu aliyejibu hivyo maisha yake yote, na ningeweza kulirudisha palepale, lakini yeye alikuwa ameshatabasamu, akasema, "Afadhali baba, una mtu wa kukukorogea uji," nikaona nikimrekebisha nitamharibia siku. Na niseme kweli, nilipenda kwamba ndani ya chumba kile mke wangu alikuwa mzima.

Basi nikapewa vikombe viwili vya plastiki vyenye vifuniko, kimoja changu, kimoja cha mke wangu Mama Atu, tukohoe humo asubuhi kabla ya kula. Asubuhi nikajaza changu, nikabaki nakitazama kile kingine. Nikikirudisha kitupu wataniuliza, nikikitupa wataniuliza. Kwa hiyo nikakohoa tena (mimi huyu, ambaye jumuiya yetu hunikabidhi ufunguo wa kanisa), nikafunga kifuniko, nikavipeleka vyote viwili.

Mnaona mahali nilipofika. Baada ya siku chache simu ikaita. "Baba, njoo na mama, msichelewe." Nikaenda peke yangu. Sista Rehema akaniambia kwa sauti ya chini kwamba vimelea vimeonekana kwangu na kwa mama pia, wote tuanze dawa. Akauliza mama yuko wapi. Nikasema Rujewa, na hapo sikudanganya, ni kwao, na ndiko tulikomzika. Yeye akadhani ni mavuno ya mpunga. "Akirudi tu utuambie, baba. Ugonjwa huu hausubiri mpunga." Nikachukua dawa zangu nikarudi nyumbani nikitumaini atasahau. Sikujua kwamba watu wa utafiti hawasahau mtu.

Walikuja Jumamosi, wakati majirani wote wako uani wanafua. Gari likasimama mlangoni kwangu, Sista Rehema akashuka na boksi la dawa, na kabla sijatoka ndani alikuwa ameshamfikia jirani yangu Mama Tumaini, akamuuliza kwa adabu kama Mama Atu amesharudi kutoka Rujewa.

"Amerudi?" Mama Tumaini akasimama na nguo inachuruzika mkononi. "Mwanangu, yule tulimpeleka Rujewa kwenye sanduku. Nani amerudi?"

"Lakini mwezi huu tumepima makohozi yake."

"Ya marehemu?"

Kicheko kikaanza kwenye beseni la kwanza kikapita mpaka la mwisho. Balozi wetu wa nyumba kumi naye akasogea, yule asiyekosa pa kusogea, akanitazama pale mlangoni. "Baba Atu, sema tu. Kama kuna mwanamke umemficha humo ndani, sisi ni watu wazima." Mwingine akadakia, "Hata mwaka haujaisha, jamani," na huyo hakuwa anacheka. Nikaona wanachungulia nyuma yangu, kwenye kamba ambako kanga za mke wangu bado zinaning'inia. Mimi waniseme watakavyo, lakini yeye nisingekubali wamsahau kwa ajili ya mwanamke asiyekuwepo.

"Hakuna mtu," nikasema. "Makohozi yale ni yangu. Vikombe vyote viwili nilikohoa mimi."

Hapo hakuna aliyecheka. Sista Rehema akashika boksi lake kwa mikono miwili, akaniuliza taratibu, "Pole baba. Alifariki lini?" Nikamjibu mbele yao wote, na ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kukitamka kifo chake kwa mdomo wangu, kwa sababu msibani walinisemea wengine.

Wakanitoa kwenye utafiti. Sista Rehema alinieleza bila ukali kwamba taarifa zangu haziwezi kutumika tena, ila dawa nitaendelea kupewa kliniki ya kawaida, na huko foleni ni ndefu, anayekupa dawa hana muda wa kuuliza habari za usingizi. Nimejifunza kwamba marehemu huwezi kumkoholea, na nimeapa sitajaribu tena, hata nikiulizwa na binti mpole kiasi gani.

Kwa kuwa dawa hizi lazima mtu akuone ukizimeza, Mama Tumaini alijitolea. Kila asubuhi anasimama nje ya mlango wangu, mbali kidogo, ndoo mkononi. "Meza. Panua mdomo. Inua ulimi." Akisharidhika anaenda zake bombani. Mimi nabaki na glasi yangu, mdomo bado wazi kidogo, kwa sababu kila siku nadhani ataniuliza pia nimelala vipi.