Harage juu ya bastola

Jumamosi nilikuwa kwenye uwanja wa shabaha, nje kidogo ya mji wetu wa Sumbawanga. Mama mmoja wa Mbeya, mtumishi wa serikali hapa kwetu, alileta bastola mpya ya mashindano, ile ya silinda ya risasi sita. Mashindano yako karibu, na hakujua kama aiamini au arudi kwenye ile ya zamani.

"Shikamoo mzee. Naomba unijaribie."

"Marahaba, mwanangu," akajibu mkufunzi, Mfipa aliyestaafu uaskari wa wanyamapori.

Watazamaji tukaziba masikio. Mzee hakuomba hata risasi. Akafungua silinda, akahakikisha ni tupu, akatoa harage mfukoni na kulilaza juu ya mtutu, palipo bapa. Akavuta kifyatulio taratibu. Ta! Harage halikutikisika. Akarudia mpaka silinda ikamaliza mzunguko.

"Bastola haina neno," akasema. "Haya, zamu yako."

Mama akavuta, harage likaanguka. Akaokota, akavuta, likaanguka tena.

"Ni huu upepo, mzee."

Mzee akalamba kidole, akakiinua juu. "Mbona umetulia?"

Mara ya kumi na moja harage likabaki. Mama akacheka mpaka machozi.

"Nenda nayo," mzee akamwambia. "Na harage uchukue."

Jana nami nililaza harage juu ya kalamu ili niandike safu hii. Likaanguka kabla sijamaliza sentensi ya kwanza. Nikainuka nikafunga dirisha, maana Sumbawanga upepo umezidi.