Sauti ya Marehemu Nyuma ya Turubai

Jambo hili nimelificha kwa muda mrefu, na hata leo basi likipita Buigiri huwa najifanya nimelala, kofia usoni, kwa sababu kule bado wapo watu wakiniona wanapaza sauti, "Marehemu! Marehemu, hujambo?" halafu wanacheka mpaka wanashika magoti. Mimi nimejaribu kucheka pamoja nao nikashindwa. Basi nawasimulia kama ilivyokuwa, mnione mjinga, yaishe.

Shule niliiacha darasa la sita. Nimechoma mkaa Manyoni, nimebeba matofali, nimeuza maji stendi, sijakaa mahali nikazoeleka, lakini kote nilikopita nilikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ni nyimbo za zamani za wapiga zeze wa Kigogo, wale wazee waliokuwa wakialikwa kijiji hadi kijiji wakati wa mavuno. Nikisikia mahali fulani kuna kanda ya mzee fulani, naenda, hata kwa miguu (wenzangu walikuwa wakisema, huyu hana godoro lakini ana kaseti). Ndivyo nilivyofika kwa Mama Yohana, bibi wa kijiji kimoja mbele kidogo ya Buigiri, mjane wa mpiga zeze ambaye mimi sijasikia wa kumfikia. Mzee alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na familia ilikuwa inajiandaa kumaliza msiba.

Bibi alikuwa na kanda moja. Moja tu, imefungwa kwenye kitambaa, na kitambaa kimewekwa kwenye kopo la chai.

"Wimbo wa mwisho ananitaja," akaniambia. "Unajua wazee hawa walivyokuwa wanaimba, anaanza kujitaja yeye, baba yake, kijiji chake, na mwishoni anamtaja mtu wake. Miaka yote ya ndoa aliniita Mama Yohana, kama mnavyoniita nyie wote. Jina langu mwenyewe alilitamka humo tu. Nataka nilisikie siku hiyo, watu wakiwepo, halafu basi."

"Utalisikia, bibi."

"Ipeleke mjini kwa fundi wa Kizota aiweke kwenye flashi. Wewe usiichezee. Imezeeka kama mimi."

Nikaapa. Na ni kweli niliondoka kwenda Kizota, ila nilipofika mjini nikajiambia niisikilize kidogo tu kwanza, nikaazima redio ya kaseti kwa jamaa yangu wa Makole, na hapo ndipo nilipojimaliza. Wiki nzima sikwenda kwa fundi. Nilikuwa nimelala chali na redio kifuani, ule wimbo wa mwisho ukianza nasikia nywele zinasimama, zeze linalia, linacheka, kisha linanyamaza ghafla na sauti ya mzee inabaki peke yake, inamtaja baba yake, inakitaja kijiji, nami hapo narudisha nyuma nianze upya. Siku ya shughuli ilipofika nikajitetea kwa maneno matamu: flashi ya nini, watu wapewe kanda yenyewe, na mikwaruzo yake. Nikabeba redio.

Yohana, mtoto wa kwanza wa bibi, ni mtumishi wa serikali, alikuja na wenzake wa ofisini na spika mbili kubwa na jenereta. Nyuma ya spika tulining'iniza turubai ili mitambo isipate vumbi, na mimi nikakaa huko na redio yangu kama dijei. Alikuwepo mchungaji, walikuwepo wazee wenye fimbo, kinamama wamejaa uwanja mzima, na Mama Yohana amekaa mbele kabisa kwenye kiti cha plastiki, khanga mpya, mikono mapajani. Aliyenipakulia ugali na mlenda asubuhi ile, mama mmoja mcheshi, jirani yao, aliniambia, "Kula ushibe, mimi naitwa Damari, ukikosa nyama niite mimi." Lishikeni jina hilo.

Nikashika maiki. "Mbukwenyi!" Wakaiitikia salamu ya Kigogo kwa kishindo. Nikatamba, sitaki hata kukumbuka, nikasema leo mtamsikia mzee kama yupo hapa, nikaiweka maiki mdomoni mwa redio, nikabonyeza.

Zeze likalia. Uwanja ukatulia, mpaka watoto. Likacheka, likanyamaza, sauti ya mzee ikaingia peke yake, "Mimi mwana wa...", na hapo redio ikaguna, ikavuta, ikaimeza ile kanda. Nikafungua. Utepe umetoka kama tambi, umejiviringisha kwenye magurudumu, na nilipouvuta ukakatika.

Kule nje mtu akakohoa. Yohana akaita, "Vipi huko, fundi?"

Mwenye akili angetoka akasema kanda imetafunwa. Mimi nikainama kwenye maiki, nikabana koo, nikaimba.

Na jamani, niliweza. Wiki nzima ile sauti ilikuwa imelala kifuani kwangu. Nikamtaja baba yake, nikakitaja kijiji, nikasikia kinamama wanaanza kulia kwa sauti ya chini, na mimi mwenyewe machozi yananitoka, sijui ya uchungu au ya woga. Mara mzee mmoja akapiga kelele, "Rudisha nyuma kidogo hapo! Hapo alipomtaja baba yake, alikuwa rafiki yangu!" Nifanyeje? Nikafanya "vrrrrr" kwa mdomo, kama kanda inayorudi, nikaanza upya. Wakashangilia.

Nikafika mahali pa kumtaja mtu wake, nami ndipo nilipokumbuka kwamba sijawahi kupafika. Siku zote nilikuwa narudisha nyuma kabla. Bibi ni Mama Yohana kwa kila mtu. Jina lake silijui, na nyuma ya turubai hakuna wa kumuuliza. Sauti imekwisha kupanda, lazima itue juu ya jina. Ikatua juu ya jina la mwisho nililotajiwa siku ile.

"Damariii..."

Kilio kilikatika kama mtu kazima taa. Halafu minong'ono. Halafu sauti ya mwanamke, kali: "Kumbe! Ndiyo maana ulilia sana kaburini, Damari!"

"Mimi? Jamani, mimi?" nikamsikia yule mama wa ugali. "Marehemu alinijua wapi mimi?"

"Anakutaja mwenyewe, unabisha na maiti?"

"Mama Neema," sauti nzito ya mwanamume, mume wa Damari bila shaka, "inuka. Twende nyumbani ukanieleze."

Nilichungulia kwenye tundu la turubai. Damari amesimama katikati ya wanawake, sinia mkononi, mumewe amemshika mkono. Mama Yohana hakuwa anamtazama Damari. Alikuwa anatazama spika, shingo ameiinamisha upande, kama mtu anayengoja ng'ambo ya mlango baada ya kubisha hodi.

Nilifikiria kukimbia. Nyuma yangu palikuwa na shamba la mtama lililovunwa, mabua matupu, wangeniona mpaka nifike barabarani, lakini si hilo lililonizuia. Nikatoka mbele, maiki mkono mmoja, utepe wa kanda umenizunguka mkono wa pili.

"Mwacheni huyo mama. Si mzee. Ni mimi nilikuwa naimba."

Mzee mmoja akasema taratibu, "Aisee, marehemu amevaa ndala," na uwanja ukapasuka, wengine kicheko, wengine matusi, mtu akanirushia kipande cha ugali kikanipata shavuni, Yohana akanikunja shati mbele ya mabosi wake, mchungaji akawa anaomba utulivu na mabega yake mwenyewe yanatikisika. Damari hakucheka. Alinisogelea akaweka sinia chini, akasema, "Nimekulisha," akaondoka.

Kesho yake nilikwenda kwa fundi wa Kizota. Aliunga, akanyoosha, akapuliza, tukasikiliza mpaka mwisho kwa mara ya kwanza. Mwanzo upo. Pale mwishoni, penye jina, utepe ulipojikunja, inasikika sauti kama ya mtu anayesema akiwa ndani ya maji.

Nikampelekea bibi, nikapiga magoti. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Aliipokea kanda bila kuitazama. "Yaliyopita sikuulizi. Niambie kitu kimoja. Wewe ulikaa nayo wiki nzima. Jina langu alilitamka vipi? Alilivuta, au alilisema upesi?"

Ningeweza kumdanganya, na kwa uongo ninao uzoefu. Nikamwambia ukweli, kwamba sikuwahi kufika hapo.

Akatikisa kichwa muda mrefu. "Naitwa Foibe," akasema, akaingia ndani.

Tangu siku hiyo sijashika kanda ya mtu, na nyimbo za wazee zikianza mahali naondoka. Nimeapa kwamba sauti isiyo yangu sitaiazima tena. Ila jina lile huwa nalijaribu nikiwa peke yangu njiani, mara nalivuta, mara nalisema upesi, na hakuna wa kuniambia kama nimepatia.