Yale Meupe Ng'ambo ya Ziwa

Kabla sijazaliwa, babu alikuwa utingo wa lori lililobeba mahindi kutoka Tunduma kwenda Mpanda. Alimwambia bibi kwamba njiani, ndani ya hifadhi, kuna ziwa lililojaa ndege mpaka maji hayaonekani. Bibi hakukubali. Walibishana juu ya ziwa hilo mpaka babu akafariki. Hata baada ya hapo, mtu akitia chumvi nyumbani kwetu Isansa, bibi alisema, "Hao ni ndege wa babu yenu."

Kwaya yetu ilipopanga safari ya Katavi baada ya mavuno, bibi aliomba nafasi. Haimbi, ila alisema anataka kujua kama aliishi na mwongo. Mimi naimba besi. Mwalimu wa kwaya husema besi yangu anaiona tu, haisikii.

Tulilala kanisani Sumbawanga, tukafika hifadhini kesho yake kwa kosta. Mwongozaji alitupa sharti moja: ziwani hakuna kelele. Alilisema mara mbili huku akiwatazama akina mama wa sauti ya kwanza.

Tulishuka mahali panaporuhusiwa. Kilikuwa kiangazi, ziwa limepungua na tope la pembeni limepasuka. Karibu nasi walisimama korongo wachache. Ng'ambo kulikuwa na mstari mrefu mweupe.

"Wale ni mwari," mwongozaji alinong'ona. "Ndege wakubwa, wana mfuko chini ya mdomo. Wako wengi sana."

Bibi alikunja uso. Macho yake yana ukungu siku hizi. "Yale ni mawe."

"Bibi, ni ndege."

"Mwanangu, jiwe nalijua. Ndege gani anakaa hivyo bila kutikisika?" Akanigeukia. "Mume wangu, wewe unaona nini?"

Ananiita hivyo tangu nikiwa mtoto. Wasichana wa kwaya walicheka kimya kimya. Nikasema naona ndege.

"Umeshapanga na babu yako."

Mwongozaji akampa darubini. Bibi aliishika vibaya, akasema anaona kope zake tu. Mwongozaji akatazama saa, akasema bado dakika tano. Nilimwona bibi anatazama ng'ambo, na niliumia, kwa sababu nilijua hatapata safari nyingine.

Ndipo wingu la kwelea kwelea likatokea nyuma ya miti, likashuka kwenye nyasi mbele yetu.

Tangu nikiwa darasa la pili mimi ndiye ninayeamia ndege kwenye shamba la ulezi la bibi. Ukiliona wingu lile huna muda wa kufikiri, maana ukifikiri ulezi umeisha. Nilikuwa nimeshaokota donge la udongo na kulirusha, na nimeshapiga kelele, "Hoooo! Hooo-waa!" kwa sauti yangu yote ya shambani.

Kwelea waliruka. Korongo wakaruka. Halafu ule mstari mweupe ng'ambo ukainuka wote, ukazunguka juu ya ziwa.

"Kijana! Umefanya nini? Rudini kwenye gari, wote!" mwongozaji alifoka.

Mwalimu wa kwaya alinipita akasema, "Kumbe sauti unayo."

Bibi hakupanda. Alisimama mkono juu ya paji la uso, shingo ikiwafuata ndege. "Mawe yanaruka," alisema. Ilibidi akina mama wawili wamshike mikono.

Ziara iliishia hapo, na hakuna aliyezungumza nami. Getini nilimwomba mwongozaji msamaha. Akaniambia nirudie, hakusikia. Nikarudia. Akasema nisifanye tena.

Bibi alikaa kando yangu. Tulikuwa tumeshaiacha hifadhi mbali aliponigusa goti.

"Babu yako alizidisha. Maji yanaonekana, tena mengi."

"Ndiyo, bibi."

"Lakini hakuwa mwongo."

Akaniambia nifunge dirisha, vumbi lilikuwa linaingia.