Mbio Zangu Ndani ya Kapu la Maziwa

Nilificha simu yangu ndani ya kapu la maziwa la mama, chini kabisa. Ndiyo, mimi, kidato cha tatu, mwenye akili zangu.

Kocha wa mpira wa shule alituwekea kwenye simu programu ya kupima mbio, ili ampe kila mtu mazoezi yanayomfaa na achague kikosi cha kwenda mashindanoni Iringa. Iringa niliitaka kufa, ila mimi na kuamka mapema hatupatani. Mama ndiye kila alfajiri anayepanda vilima vya Uyole kupeleka maziwa kwa wateja, anatembea kama anafukuzwa. Nikasema, programu itajuaje ni miguu ya nani? Wiki tatu simu ikapanda vilima, mimi nikakoroma.

Kocha akachanganyikiwa kwa furaha. Akanipa namba nane nikimbie uwanja mzima, na Ambokile anayekimbia kweli akawekwa benchi.

Jumamosi, mechi ya kujipima. Dakika ya kumi na mbili nikatapika katikati ya uwanja, mbele ya shule nzima.

Kocha akamfuata mama na simu mkononi. "Mama Lusajo, kijana anaumwa? Ona anavyokimbia kila siku."

Mama akaufuata kwa kidole mstari wa njia kwenye ramani ya simu. "Hapa kwa mchungaji. Hapa kwa mama Tusa. Hapa ndo huwa napumzika..." Wote wakanigeukia. Nikajua Iringa nimeshaizika.

Mama akakaza kitenge chake, akanyoosha mkono.

"Kocha, hiyo jezi nipe mimi. Iringa naenda mwenyewe."